Nilivyompigisha Livingstone Ndoo Teke

Nilikuwa nimesimama chini ya mnara wa kanisa la zamani pale misheni ya Bagamoyo, ule ambao watu wanauita Mnara wa Livingstone, na mbele yangu wageni tisa. Ilikuwa mara yangu ya tatu au ya nne kuongoza kundi peke yangu. Nilishawaambia kwamba wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, nilishawaonyesha mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome, na sasa tulikuwa tumefika kwenye habari waliyoifuata. Nikaona leo niwaonyeshe kwamba Kiingereza changu si cha kuokoteza. Nikakohoa kidogo, nikasema: "In 1873, Doctor Livingstone kicked the bucket." Neno kwa neno, alipiga ndoo teke; kitabu changu kilisema maana yake ni kufa.

Kimya kikapita. Msichana mmoja akajiziba mdomo kwa skafu, mabega yakimtikisika. Bwana mmoja mtu mzima, kofia ya ukindu mpya kichwani, akanitazama kama aliyeona mbuzi msikitini. Nami, kwa kuwa sikujua nimefanya nini, nikaendelea. Nikaeleza jinsi watumishi wake, akina Chuma na Susi, walivyouzika moyo wake kijijini kwa Chitambo, huko ambako leo ni Zambia, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba na wenzao kwa miezi kama tisa hadi pwani. Februari 1874 ukafika hapa Bagamoyo, ukavushwa Unguja, na mwezi wa nne ukazikwa Westminster Abbey mjini London. Habari nzito kama hiyo, na mimi nimeifungulia kwa ndoo.

Tulipofika makaburini yule bwana akanivuta pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia maana nimeipata sawasawa, marehemu kweli alikufa, ila maneno yale ni ya kusemea baa, tena mnapomzungumza mtu msiyemlilia. Nikaitikia kwa kichwa, lakini sikuelewa. Nilielewa usiku, nimelala, nilipojifikiria niko msibani kwetu, nimepewa kipaza sauti nimtaje marehemu mbele ya wazee, nikasema: "Ndugu zangu, mzee wetu kadanja." Jasho likanitoka hapohapo kitandani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba msemo ule ulishaandikwa mwaka 1785 na Francis Grose katika kamusi yake ya maneno ya mitaani. Yaani miaka zaidi ya mia mbili watu wanajua kwamba ni wa kijiweni. Kitabu nilichojifunzia mimi hakikuninong'oneza.

Kitabu chenyewe aliniletea binamu yangu kutoka Dar. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo sijui kiliitwaje. Kilikuwa kimejaa misemo ya Kiingereza, kila mmoja na maana yake kwa mstari mmoja, basi. Nilikihifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma chuoni, kwa sauti, nikitembea ufukweni alfajiri kabla wachuuzi wa samaki hawajajaa. "Under the weather" ni kujisikia vibaya. "Spill the beans" ni kutoa siri. "Piece of cake" ni kazi nyepesi. Na ule ambao nadhani kila aliyepita sekondari nchini mwetu anao, wa mvua ya paka na mbwa.

Usinicheke. Sekondari tulisomeshwa karibu kila kitu kwa Kiingereza, lakini kile ni Kiingereza cha ubaoni. Ningeweza kukueleza osmosisi bila kumeza mate. Lakini mgeni akinipita asubuhi akaniuliza "You all right?" nilikuwa najipapasa uso nione kama ninatoka damu. Kumbe ni hujambo tu, na haina haja ya majibu marefu kuliko yanayostahili hujambo.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo lilinichukua miaka miwili kuliona. Misemo ya ndoo na paka ina wema mmoja: ukiisikia unajua kabisa kwamba kuna kitu hukukielewa. Hakuna anayeamini kwamba paka wanadondoka mawinguni. Unauliza, unaelezwa, mnacheka, yamekwisha. Iliyoniponza ni ile ya maneno madogo, ambayo kila neno ndani yake nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi. Hiyo huiulizi, kwa sababu unadhani umeshaelewa.

Chukua "I'm good". Tulikuwa tumewapeleka kijana mmoja na mkewe kwenye fungu la mchanga la Mwambakuni, nahodha amechoma samaki, kuna wali wa nazi na pweza. Nikamuuliza yule kijana kama nimwongeze pweza. Akatabasamu, akasema "I'm good." Nikaona huyu ni mtu mwema kweli, anasema yeye yu mzuri, yuko tayari. Nikampakulia. Akanitazama, akatazama sahani, akala. Nikamuuliza tena. "No, really, I'm good." Nikaisikia ile "really" kama mkazo wa hamu. Nikampakulia. Mara ya tatu mkewe ndiye aliyekizuia kijiko changu kwa mkono, huku machozi ya kicheko yakimtoka, akaniambia mumewe anakataa.

Anakataaje kwa kusema yu mzuri? Hilo lilinikera, nakiri, nikaona Waingereza wana kazi ya kuzungushana. Lakini tukiwa tunarudi, tanga limeshika upepo, tukaipita ngalawa ya wavuvi waliokuwa wanakula. Wakatupungia, "Karibuni!" Nahodha akawajibu kwa sauti, "Starehe!" Nikashtuka. Starehe! Hatukusema hapana, hatukusema tumeshiba wala kwamba tuna haraka. Tumewatakia raha yao, na kila mtu akaelewa kwamba hatusimami. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu angedhani tumesifia chakula. Basi tangu siku hiyo mtu akiniambia "I'm good" huku nimeshika kijiko, mimi nasikia starehe, na kijiko nakiweka chini.

Mkasa wa saa ulikuwa mkubwa kuliko huo, na huo uligharimu fedha. Waingereza wakisema "half seven" wanamaanisha nusu saa baada ya saba yao, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Mwanzoni sikio langu lilikuwa likishasikia saba linakimbilia saa saba mchana, lakini hilo lilipona mapema. Nikajiona nimehitimu. Kisha akaja mgeni kutoka Ujerumani, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, anataka kwenda baharini asubuhi. Siku zile maji yalikuwa ya bamvua, yanayojaa na kupwa kwa nguvu, na nahodha alishaniambia tusipoondoka kufikia saa kumi na mbili na nusu, tusahau. Nikamweleza mgeni kwamba maji hayasubiri, twende mapema. Akakubali, akasema "half seven".

Nikarudi kwa nahodha na saa moja na nusu. Akaguna. "Saa moja na nusu maji yatakuwa yashakwenda zake." Nikamwambia ndivyo mgeni anavyotaka, na mwenye fedha ni yeye. Nahodha akanyamaza, ile nyamaza ya watu wa bahari.

Kijerumani kina hesabu yake: wakisema nusu ya saba, wanasema nusu ya kuielekea saba, yaani saa kumi na mbili na nusu. Yule bwana alichukua maneno ya Kiingereza akayapa saa ya kwao. Alifika ufukweni na begi lake jua halijachangamka, akakaa saa nzima peke yake na mbwa wawili. Mimi nilipotokea, saa moja na nusu kamili, najivunia kutochelewa, mashua ilikuwa imepwelewa, imelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba, na bahari iko kule. Nami nikapwelewa pamoja nayo. Siku hiyo sikulipwa, na wale mabaharia wawili niliwatolea chochote mfukoni kwangu.

Nahodha hajui Kiingereza zaidi ya "no problem". Nilipomaliza kumweleza ilivyokuwa, alisema: "Kwa hiyo mimi na mgeni tulikuwa tunasema kitu kimoja. Wewe mwanangu uliyekaa katikati ndiye uliyetupoteza."

Siku hizi nachora uso wa saa mchangani kwa kidole. Sioni aibu.

Aliyenifundisha hasa, bila kujua kwamba ananifundisha, ni mama mmoja mstaafu kutoka Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, aliyepanga chumba kwa shangazi yangu, kata ya Dunda hapa Bagamoyo, kwa miezi mitatu. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa nyumba. Siku ya kwanza, jioni, akaniuliza kwa upole "What's for tea?" Nikamwambia shangazi mgeni anauliza chai. Shangazi akapika chai ya tangawizi, akaipanga na vitumbua viwili na kashata. Mama akanywa, akashukuru, akakaa. Saa mbili yuko palepale. Saa tatu akaenda kulala. Kwao kule kaskazini, "tea" ni chakula cha jioni. Mama wa watu alilala na vitumbua viwili tumboni akidhani ndiyo desturi ya pwani.

Nilimlaumu yeye kidogo moyoni, mpaka nilipojisikiliza. Sisi hapa mtu akikwambia hajanywa chai anaweza kuwa na maana hajala asubuhi hii chochote, hata mihogo. Karani akikwambia faili lako linahitaji chai, hutandiki jamvi. Na mdogo wangu ukimsimulia jambo asiloliamini anakwambia hiyo chai. Neno moja limebeba kifungua kinywa, rushwa na uongo, na hakuna kati yetu aliyewahi kujimwagia.

Kesho yake shangazi alijitutumua. Changu wa kukaanga, mchicha wa nazi, wali. Mama akala akamaliza. Shangazi akaniambia, "Hebu muulize chakula kilikuwaje." Nikauliza. Mama akafuta midomo, akasema "Not bad. Not bad at all." Nami, mkalimani hodari, nikamgeukia shangazi: "Anasema si kibaya."

"Si kibaya?" Shangazi alikuwa anakunja kanga mkononi. "Kwa hiyo kinalika." Akachukua vyombo, akaingia jikoni, na kwa siku mbili samaki hakuonekana, tukala maharage. Mama ndiye aliyeniuliza kama ameudhi mtu. Nilipomtafsiria nilichokuwa nimesema, alishika mashavu. Kwao, kwa watu wa makamo yake, hiyo ndiyo sifa ya juu, zaidi ya hapo mtu anaonekana anajikomba. Nikarudi jikoni, nikajaribu tena, na safari hii maneno yalikuja yenyewe: "Shangazi, anasema si haba." Shangazi akageuka na mwiko mkononi. "Aah. Sasa ungesema hivyo tangu juzi."

Si haba. Nalo ukilitafsiri neno kwa neno ni "si kidogo", basi, wala halisifu kitu. Lakini muulize muuza samaki biashara imekwendaje, akikwambia si haba, jua leo amejaza.

Kulikuwa pia na "love". Mama alikuwa akinishukuru kila mara, "Thanks, love." Mimi neno hilo nalijua kwa maana moja tu, na shangazi hali kadhalika, maana limeandikwa kwenye fulana nusu ya mji. Nikaona nyusi zake zinapanda. Mama ana umri wa bibi yangu! Lakini bibi yangu naye, Mungu amrehemu, aliniita mume wangu mpaka nilipofika kidato cha nne, na wageni wa bara waliomsikia nao walishangaa hivyohivyo. Nilipomkumbusha shangazi, alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo mama akisema "love", shangazi ananiambia, "Mkeo anakuita."

Na mimi nilimpa yeye misukosuko yangu, haki yake. Alikuwa akirudi mchana kutoka shule ya chekechea aliyokuwa akijitolea, na mimi kwa adabu namwambia "Sorry for your work." Siku ya nne akaniuliza kama wazazi wamelalamika. Kwa nini ninasikitikia kazi yake? Nilitaka kumwambia pole na kazi, na Kiingereza hakina pole. Wana "sorry", na "sorry" inataka mwenye kosa. Akijikwaa nikasema "sorry", ananijibu si kosa langu. Hiyo hadi leo sijaipatia dawa. Nilimfundisha yeye kusema pole, ikawa rahisi zaidi.

Lakini kama ungeniuliza ni wapi Kiingereza cha kila siku kilinitoa jasho kweli, nisingekutajia chai wala saa. Ningekutajia vitenzi vyao vidogo na vile vijineno wanavyovifunga mkiani. Mchana mmoja, joto la Februari, nilikuwa juu ya paa la banda la shangazi nafunga makuti. Mama akatoka, akajipepea, akasema "I don't know how you put up with it." Nikafikiri: "put" ni weka, "up" ni juu, "with" ni kwa. Anauliza tunawekaje juu, kwa kutumia nini. Nikamjibu kwa furaha kutoka paani: "With a ladder and a rope, madam."

Alikuwa anasema hajui tunalivumiliaje joto.

"Put up with" ni kuvumilia. "Put off" ni kuahirisha, au kumkatisha mtu hamu. "Put out" ni kuzima moto. "Put down" inaweza kuwa kumdhalilisha mtu, na kwa mnyama mgonjwa inakuwa kumuua asiteseke. Vyote vimetoka kwenye kuweka. Nilikaribia kuacha. Nikamuuliza mama mtoto wa kwao anajifunzaje haya, akasema hajui, wanayajua tu, na akanirudishia swali: alikuwa ameona kwenye daftari lake la Kiswahili kwamba "ona" ni kutazama kitu kikakuingia machoni, sasa kwa nini jirani analia kwamba dereva wa bodaboda amemwonea? Kamwona wapi?

Nikafungua mdomo, nikafunga. Ona, onea, onana, onyesha. Kuonea ni kudhulumu, ila kuonea huruma ni wema, na kuonea haya ni jambo la tatu kabisa. Ongeza kuonea wivu. Sijawahi kufundishwa hata kimoja, na ukinigonga usingizini nitakipatia. Sisi tunachokoza kitenzi mkiani, kuleee ndani ya neno lenyewe, na maana inahama nyumba. Wao wanakichokoza kwa kijineno kilichosimama nje. Mimi nilikuwa nalisoma "put up with" kama maneno matatu, wakati ni neno moja lenye nafasi katikati. Ni kama mtu aisome "amemwonea" kwa kuikata vipandevipande, halafu ashangae kwa nini macho hayamo.

Kuanzia hapo nikaacha kuhifadhi orodha. Nikanunua daftari la kaunta, nikalipa kila kitenzi kidogo ukurasa wake: "put" yake, "get" yake, "give", "take", "come". Sikuandika maana peke yake. Niliandika sentensi nzima kama nilivyoisikia, aliyeisema ni wa makamo gani, alikuwa anaongea na nani, na uso wake ulikuwaje. Hilo la uso lilitokana na ndoo ya Livingstone. Kama kitabu changu cha mwanzo kingekuwa na safu ya uso, nisingeabika pale mnarani. "Interesting", kwa mfano, ina mistari sita, na katika minne uso unasema mtu amechoka, anataka kuondoka.

Misemo ya kitabuni, kusema kweli, mingi imebaki ghalani. Masika yale nilimwambia mama kwamba "it's raining cats and dogs", akaniambia kwa upole kwamba hajamsikia mtu akiusema kwa dhati tangu alipokuwa shuleni. Ukitaka kusema mvua inamwaga, akasema, kwao ni "it's chucking it down". Nikaandika, ukurasa wa "chuck", mkaaji pekee mpaka leo.

Mama alirudi kwao mwezi wa tano. Masika iliyofuata aliniandikia ujumbe kuuliza hali, na hali yenyewe ilikuwa kwamba barabara ya kwenda Kaole imegeuka mto na mimi nimekaa barazani bila mgeni hata mmoja. Nikamjibu "It's chucking it down here", nikaituma kabla sijaanza kuogopa.

Akajibu mara moja, maneno mawili na alama ya mshangao: "Get you!"

Nikaenda kwenye ukurasa wa "get". Ulikuwa umejaa pande zote mbili, "get over", "get by", "get away with", "get on", hadi pembeni nimeandika wima. Hiyo haikuwemo. Nikafikiri labda amesahau neno, anataka kusema atanipata, au nimemkosea. Shangazi, ambaye sasa ana maoni juu ya kila ujumbe wa mama, akasema niulize, nisijiumize. Nikauliza. Jibu likaja na vikatuni vya kicheko: ni utani wa kumsifia mtu aliyejifanya mjuzi ghafla, kama vile kusema tazama huyu naye!

Nikabandika karatasi nyingine kwenye ukurasa wa "get" kwa gundi. Nikaandika sentensi, nikaandika mwanamke mstaafu, Yorkshire, anaongea na mimi. Safu ya uso nikaiacha wazi, maana ilikuwa kwenye simu.